Je, Jasusi Anaweza Kwenda Kuungama? Somo Kutoka Roma ya Mwaka 1940



Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi chetu cha amri ya nane, dada mmoja wa kikundi alinisubiri mpaka wenzake wote wakaondoka. Akaniambia, "Kaka, una dakika mbili?" Kaka yake yuko jeshini, kwenye kitengo ambacho nyumbani hakitajwi. Akisafiri hasemi anakwenda wapi, akirudi hasemi alikuwa wapi. Mama yao akimuuliza, anahamisha mazungumzo, na mara mojamoja anajibu kitu ambacho baadaye kinaonekana si kweli. "Sasa huyu akienda kuungama aseme nini? Kazi yake yenyewe ni dhambi?"

Nilimjibu kwa pupa. Nilimwambia uongo ni uongo, hata ukiuvalisha sare. Akashukuru kwa adabu, akaenda. Nikiwa njiani nikaona nimemjibu kama mtu anayewahi daladala, na kwa kweli nilikuwa nawahi daladala. Kwa hiyo somo la leo ni deni lake kwangu, lakini naamini litawafaa na wengine.

Nimeona tuanze na Mkatoliki aliyefanya ujasusi kwelikweli, tena wakati wa vita. Anaitwa Josef Müller, mwanasheria wa Munich, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Bavaria mwaka 1898. Wenzake walimtania "Ochsensepp", yaani Sepp wa maksai, kwa sababu alikulia kwenye kazi za shamba. Wanazi walipotawala Ujerumani, yeye alikuwa akitetea watu na mali za Kanisa, na safari za Roma alizizoea.

Vita vilipoanza Septemba 1939, aliitwa Berlin na Kanali Hans Oster. Oster alikuwa afisa mkubwa wa Abwehr, idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani, chini ya Admirali Canaris. Hapo ndipo mambo yanapogeuka: ndani ya idara hiyohiyo ya Hitler kulikuwa na kikundi kilichotaka kumwondoa Hitler. Oster alimwomba Müller aende Roma akamwombe Papa Pio XII awe njia ya kufikisha ujumbe kwa Waingereza. Kwamba wapo Wajerumani walio tayari kuipindua serikali yao, na je, wakifanya hivyo, Uingereza itakubali amani ya haki? Papa alikubali.

Kwenye makaratasi, basi, Müller akawa afisa wa Abwehr anayekwenda Italia kukusanya habari kwa ajili ya Ujerumani. Kazi yake ya kweli ilikuwa kinyume chake. Roma alikuwa akionana na Padre Robert Leiber, Mjesuiti Mjerumani, msaidizi wa karibu wa Papa. Leiber alipeleka neno kwa Papa, na Papa akamweleza balozi wa Uingereza pale Vatikano, D'Arcy Osborne. Januari 1940 Papa alimwita Osborne na kumpa habari za shambulio linalopangwa. Hakumsihi achukue hatua fulani. Alimwambia tu kwamba dhamiri yake isingetulia kama angekaa kimya.

Sasa angalieni jambo hili, kwa maana ndilo lililonifanya nirudi kwenye swali la yule dada. Katika miezi hiyo ya mazungumzo Müller na Papa hawakuonana. Waliishia kwa Leiber, kila mmoja upande wake. Kwa nini? Ili akiulizwa, kila mmoja aweze kusema hajamwona mwenzake, na iwe kweli. Jamani, hawa watu walikuwa wanacheza na vichwa vyao, halafu bado wakahangaika kupunguza uongo! Mimi nisiye na hatari yoyote, simu ikiita nikiwa bado kitandani, nasema "nipo njiani".

Lakini tusiwapambe. Kujiandikisha Abwehr kwa sura moja huku una nia nyingine si kunyamaza tu. Ni kuigiza, na kuigiza kunaweza kuwa uongo bila kutamka neno. Kanisa linasemaje?

Mtakatifu Augustino aliliandikia suala la uongo vitabu viwili, na cha pili kilitokana na ujasusi. Mtu mmoja aitwaye Konsensio alimshauri kwamba Wakatoliki wajifanye wafuasi wa madhehebu ya Waprisiliani ili waingie ndani na kuwafichua. Augustino akakataa katakata. Hata kwa Rahabu wa Yeriko, yule mwanamke aliyewaficha wapelelezi wa Yoshua na kuwadanganya askari wa mfalme, alisema Mungu alimlipa kwa huruma yake, si kwa uongo wake. Wengi wetu tukisoma Yoshua sura ya 2 tunapita haraka hapo. Augustino hakupita.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alijiuliza kama ni halali kuwavizia maadui katika vita vya haki. Jibu lake lina sehemu mbili. Kumficha adui mipango yako ni halali, maana huna deni la kumweleza kila unalofikiri. Kumwambia uongo, au kuvunja ahadi uliyompa, si halali hata kama ni adui.

Katekisimu nayo inafundisha (namba 2489) kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Toleo la kwanza, la 1992, lilieleza uongo kuwa ni kumpotosha mtu "mwenye haki ya kujua ukweli". Toleo rasmi la 1997 likayaondoa maneno hayo kwenye namba 2483. Si jambo dogo. Kama maneno yale yangebaki, jasusi angesema: adui hana haki ya kujua, basi ninalomwambia si uongo. Kanisa halikumwachia mlango huo. Kunyamaza na kuficha, ndiyo. Kutamka uongo, bado lina shida nao, hata ukiwa na sababu nzito, ingawa uzito wa kosa unapimwa pia kwa nia, mazingira na madhara yake.

Turudi kwa Müller. Mei 1940 alikwenda Roma na onyo kwamba shambulio la magharibi limekaribia, na Vatikano ikazitahadharisha Ubelgiji na Uholanzi. Mjumbe wa Ubelgiji pale Vatikano akatuma simu ya maandishi nyumbani kwao, na Wajerumani wakainasa. Hitler akataka aliyevujisha atafutwe. Canaris akamteua mtu wa kwenda Roma kuchunguza: Josef Müller. Yaani alitumwa akajitafute mwenyewe!

Unaweza kucheka. Mei 10 mashambulizi yalianza na Müller hakuweza kuyazuia. Mpango wa kumpindua Hitler nao ulikuwa umekwama mezani kwa majenerali. Aprili 5, 1943 alikamatwa. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani, lakini hakuachiwa. Mwaka uliofuata zikapatikana nyaraka ambazo kikundi kilikuwa kimezihifadhi, na akapitishwa kutoka kambi hadi kambi mpaka Flossenbürg. Hapo, Aprili 9, 1945, Canaris, Oster na mchungaji Dietrich Bonhoeffer walinyongwa. Müller aliponea chupuchupu. Baada ya vita akawa waziri wa sheria wa Bavaria.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule dada nikamwomba radhi. Nilimwambia kaka yake hana dhambi kwa kunyamaza. Mama anaweza kuambiwa, "Mama, hilo siwezi kulisema," na ingawa inauma, ni kweli tupu. Ni bora kuliko kumtungia hadithi ya semina Dodoma. Hayo mengine anayoambiwa ayafanye kazini, ayapeleke kwa padre. Padre hatamuuliza siri za jeshi, na yeye hahitaji kuzitaja ili aungame dhambi yake.

Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Na Oster? Si aliwapa Waholanzi tarehe za mashambulizi? Wale askari wa Kijerumani ambao wangekufa kwa sababu hiyo, si walikuwa watoto wa mama zao?" Ni kweli, alimpa mwambata wa kijeshi wa Uholanzi tarehe, zaidi ya mara moja. Hitler aliahirisha mara nyingi hivi kwamba onyo likaanza kudharauliwa. Oster alijua uzito wa anachofanya, na bado akafanya.

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Tutaanzia hapo Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Someni Yoshua 2 yote na Katekisimu namba 2307 hadi 2317, na kama una ndugu aliye kwenye kazi za namna hii, mwombee kwa jina kabla hujaja.