Somo la Afya ya Mama: Mlezi wa Usiku Ambaye Hakuwepo



Somo letu la leo tunalitoa katika sinema. Usishangae. Wazee wanakumbuka magari yaliyozunguka vijijini baada ya uhuru wa 1975 yakionyesha picha za Kuxa Kanema, na jina hilo maana yake ni kuzaliwa kwa sinema. Wakimbizi wa Kakuma, Kenya, nao wamewahi kukaa chini jioni kutazama filamu za afya zilizoletwa na shirika la FilmAid. Mtu akitazama taabu ya mwingine, mara nyingi hupata njia ya kuitaja ya kwake.

Filamu yenyewe inaitwa Tully. Ilitoka Marekani mwaka 2018, ikiongozwa na Jason Reitman na kuandikwa na Diablo Cody, ambaye ni mama wa watoto watatu. Mwigizaji mkuu ni Charlize Theron, mzaliwa wa Afrika Kusini. Tunakuonya kwamba ina matusi na haiwafai watoto, kwa hiyo tutakusimulia.

Marlo ana watoto wawili, na anajifungua wa tatu. Mumewe si mkatili. Anafanya kazi, anarudi, anawasaidia watoto wakubwa masomo, kisha anapanda kitandani kucheza michezo ya video. Usiku mtoto analia, mama anaamka, ananyonyesha, anabadilisha nepi, analala kidogo, mtoto analia tena. Filamu inaonyesha jambo hilo hilo mara nyingi mpaka mtazamaji mwenyewe anachoka.

Kaka yake Marlo, ambaye ni tajiri, anajitolea kumlipia mlezi wa usiku. Basi anakuja msichana aitwaye Tully. Anambeba mtoto, anasafisha nyumba, anamwambia mama alale. Marlo anaanza kucheka, anapika, anajipamba. Mume anaona nyumba inang'aa na anafurahi. Hakuna anayeuliza lolote.

Usiku mmoja Marlo na Tully wanatoka kwenda mjini. Wakati wa kurudi Marlo anasinzia kwenye usukani na gari linatumbukia mtoni. Anaokolewa. Hospitalini ndipo inapojulikana kwamba Tully hakuwahi kuwepo. Ni Marlo mwenyewe aliyekuwa akifanya kazi zote usiku bila kulala, na akili yake ndiyo iliyomuumbia msaidizi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Msaidizi ambaye Marlo alimuota, sisi wa pwani tulikuwa naye. Mama akijifungua alikaa ndani siku arobaini. Mama yake, shangazi au bibi alikuja kulala naye, akamkanda kwa maji moto, akampikia uji, akambeba mtoto usiku baada ya kunyonya ili mzazi apumzike. Hatusemi kwamba kila desturi ya arobaini ni nzuri, kwa maana zipo zinazomzuia mama kwenda kupimwa. Lakini usingizi ule ulikuwa dawa. Vita vilipotutawanya kuanzia 2017, na zaidi mwaka 2020 Mocímboa da Praia ilipotekwa, bibi alibaki Pemba au hajulikani alipo. Wako kina mama waliojifungua porini njiani. Mzazi wa hapa Awasse anaweza kuamka siku ya pili akachote maji mwenyewe. Kwa jambo hili yeye na Marlo wa Marekani wamekuwa ndugu.

Uchovu gani ni wa kawaida, na upi ni ugonjwa?

Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kuzaa, kina mama wengi hulia bila sababu. Hali hiyo hupita kabla ya wiki mbili kwisha. Ikizidi hapo, mama akawa hana furaha wala hamu ya chakula, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, anajiona hafai au hajisikii chochote kwa mtoto wake, hiyo ni sonona baada ya uzazi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea humpata karibu mama 1 kati ya 5. Inatibika.

Ipo hali nyingine, ya nadra, inayompata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali na hasikii usingizi. Ana nguvu za ajabu, anasema haraka, anasikia au kuona wasichokiona wengine, au anaamini mtoto amebadilishwa. Hii ni dharura. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Kumbuka kwamba mume wa Marlo alimwona mkewe amepona wakati alipokuwa mgonjwa zaidi.

Wengine husema haya ni maradhi ya Wazungu. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza John Cox alifanya kazi Uganda, akakuta Waganda wana jina lao, amakiro, kwa ugonjwa wa mama baada ya kuzaa. Walisema huletwa na mume au mke kutoka nje ya ndoa wakati wa mimba. Lawama hiyo si kweli, na lawama za namna hiyo humfanya mgonjwa afichwe. Mwaka 1987 Cox na wenzake walitoa maswali 10 juu ya hali ya mama katika siku saba zilizopita, na leo yanatumika duniani kote. Swali moja linauliza wazi kama mama amefikiri kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema.

Angalia pia mwili. Mama aliyepoteza damu nyingi, au mwenye malaria, atachoka hata akiwa na furaha, kwa hiyo apimwe damu. Akiwa na homa au uchafu wenye harufu mbaya, asingoje kesho.

Wewe baba, mama akimaliza kunyonyesha usiku, mpokee mtoto, mcheulishe, mbadilishe, mlaze. Kuchota maji na kuni kwa wiki hizo ni kazi yako. Majirani wanaweza kupangiana zamu, leo huyu kesho yule, mmoja ashike mtoto saa mbili za mchana ili mzazi alale. Ila mtoto asipewe maji wala uji kabla ya miezi sita kwa ajili ya kumtuliza.

Filamu ina kasoro yake. Mwishoni mume anamwomba radhi mkewe na kusimama naye jikoni wakisaidiana, lakini hatuoni matibabu yoyote. Baadhi ya wataalamu wa afya ya kina mama waliilaumu kwa hilo, na tunaona wana haki. Marlo alihitaji daktari pia.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Ni nani angeweza kugundua mapema kwamba Marlo anaumwa, na angeona nini? Katika safu yenu ya nyumba, ni mama gani amejifungua mwezi huu, na jana usiku nani alimshikia mtoto?