Jina la Kujipa na Sitara ya Mtu



Desturi ya mtu kujipa jina jingine si ngeni kwetu. Watunzi wa mashairi wa pwani hii wana lakabu zao. Ahmad Nassir alijulikana kwa lakabu ya Malenga wa Mvita, nayo haikumficha bali ilimtangaza. Lakini leo kila aingiaye katika intaneti huulizwa jina la kutumia, na vijana wetu hudhani kuwa jina hilo ni kama buibui, alivaaye hajulikani. Wamesahau kuwa hata mwenye buibui jirani zake humjua kwa mwendo wake.

Na tutazame kisa kimoja. Mwaka 2011 Mmarekani Ross Ulbricht alianzisha katika intaneti soko la siri liitwalo Silk Road, lililouza dawa za kulevya. Mwezi wa Januari mwaka ule alilitaja soko hilo mahali pa wazi kwa jina la "altoid". Mwezi wa Oktoba, kwa jina lile lile, alitafuta fundi wa kompyuta, akatoa anwani ya barua pepe iliyokuwa na jina lake halisi. Baadaye mpelelezi wa idara ya kodi aliyaona maandishi hayo mawili kwa kutafuta katika Google tu, akayaunganisha. Ulbricht alishikwa San Francisco Oktoba 2013, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015, akasamehewa na Rais Trump Januari 2025.

Hatusemi haya kwa kumhurumia. Twasema kwa kuwa njia iliyomfichua mkosa ndiyo imfichuayo binti asiye na kosa. Nayo ina milango mitatu.

Kwanza, jina moja kutumiwa kila mahali. Pale mtu alipouza kabati lake, alipouliza habari za maradhi yake, na alipobishana siasa, pote pameshikwa na uzi mmoja. Mgeni akiuvuta, shanga zote humjia mkononi.

Pili, jina lenyewe kusema. Mwenye kuunganisha jina lake, mtaa wake na mwaka wa kuzaliwa kwake amekwisha mwelekeza mwizi mlangoni.

Tatu, jina hukuficha kwa wapita njia, si kwa mwenye nyumba. Kampuni yenye huduma hubaki na nambari yako ya simu, na nambari hiyo katika Kenya husajiliwa kwa kitambulisho.

Kweli, Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yatupa haki ya faragha. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu alama ya mtu ya mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yamtambulishayo. Lakini mara nyingi sheria hufika siri ikiwa imekwisha toka.

Basi yatupasa tujilinde wenyewe. Kila shughuli iwe na jina lake, lisilo na ukoo, mtaa, shule wala mwaka. Na mzazi akae na mwanawe siku ile ile jina lichaguliwapo, asingoje msiba.

Wala kujisitiri si aibu. Aulizaye maradhi ya siri ana haki ya kusitirika, na afichuaye dhulma pia. Lakini ajifichaye ili avunje heshima za watu, huyo ni mwoga na dhalimu; na siku uzi utakapovutwa, maneno yake yatamrudia kwa jina alilopewa na wazazi wake.