SOMO: MTU MMOJA SI KABILA ZIMA
Hadithi ya kituo cha anga cha Deep Space Nine



Methali inasema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki walio katika kikapu kimoja, yaweza kuwa kweli. Lakini tukiitumia methali hiyo juu ya watu, na zaidi juu ya makabila, inaua. Katika somo hili tutalitazama jambo hilo kwa njia ya hadithi ya kutungwa. Watu wake hawakuwahi kuishi popote. Tumeichagua kwa sababu ni rahisi kuanza na ugomvi wa wengine kabla ya kufika kwenye ugomvi wetu wenyewe.

Lengo la somo: kujifunza kutenganisha kosa la mtu na kabila lake, na kuona jinsi kisasi kinavyoharibu haki ambayo walioumizwa wanaitafuta.

1. KITUO CHENYEWE

Hadithi inatoka katika mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek: Deep Space Nine, ulioonyeshwa tangu mwaka 1993 hadi 1999. Watungaji wake, Rick Berman na Michael Piller, waliwaza siku za mbele sana, karne ya 24, ambapo watu husafiri kati ya nyota. Kituo ni kama mji mdogo wa chuma unaoelea angani, karibu na sayari iitwayo Bajor.

Kituo hicho hakikujengwa kwa amani. Wacardassia waliivamia Bajor, wakaitawala kwa mabavu karibu miaka 50. Walichukua mali ya nchi na kuwafungia wenyeji katika kambi za kazi. Kituo kilikuwa kiwanda chao cha kusafisha madini, na Wabajor ndio waliofanyishwa kazi humo kwa nguvu. Wakati huo kiliitwa Terok Nor.

Wacardassia walipoondoka, kituo hakikubomolewa. Serikali ya mpito ya Bajor iliomba msaada wa muungano wa sayari nyingi, na kituo kikapewa jina jipya. Mahali pa mateso pakawa na maduka, hekalu, shule na baa, na watu wa kila aina wakakutana humo.

Mkuu wa kituo ni Benjamin Sisko, baba aliyefiwa na mke wake vitani na anayemlea mwana wake peke yake. Msaidizi wake ni Meja Kira Nerys, mwanamke Mbajor aliyezaliwa chini ya uvamizi na kuingia katika mapigano akiwa bado msichana. Kwa hiyo viongozi hao wawili wana vidonda vyao wenyewe.

2. KESI YA KARANI

Kipindi kimoja cha mwaka 1993, kiitwacho «Duet», kinasimulia hivi. Abiria mmoja anafika kituoni akiwa mgonjwa. Ugonjwa wake unatokana na ajali moja tu, iliyotokea katika mgodi wa kambi ya Gallitep, kambi mbaya kuliko zote. Kira anafurahi, akidhani amekuja ndugu aliyeokoka. Anapofika kwa mganga anamkuta Mcardassia. Mara moja anaamuru akamatwe.

Mtu huyo anasema jina lake ni Marritza, na kwamba alikuwa karani tu, mwenye kutunza mafaili. Kisha inapatikana picha ya zamani inayoonyesha kwamba sura yake ni ya Darhe'el, mkuu wa kambi ile. Hapo mfungwa anageuka. Anakiri, tena anajivuna kwa mauaji. Bajor inamtaka ili ahukumiwe. Picha ipo, ugonjwa upo, na yeye mwenyewe amekiri. Nani angeuliza zaidi?

Kira anauliza. Anagundua kwamba siku ya ajali Darhe'el hakuwa kambini, na kwamba alikwisha kufa miaka kadhaa iliyopita. Mfungwa ni Marritza kweli. Alikuwa amebadilishwa sura na waganga ili afanane na mkuu wake. Miaka ile usiku alikuwa akijificha chini ya kitanda na kuziba masikio ili asisikie vilio vya waliokuwa wakiteswa. Sasa alitaka kuhukumiwa mbele ya watu wote, ili taifa lake lilazimike kukubali lililotenda.

Kira anamfungulia. Wanatembea pamoja kati ya maduka, na Mbajor mmoja anatokea na kumchoma Marritza kisu. Sababu anayoitoa ni moja: huyu ni Mcardassia, inatosha. Kira, ambaye mwanzoni aliwaza vivyo hivyo, anamjibu kwamba haitoshi.

3. TUNAJIFUNZA NINI?

Tendo lina mwenyewe. Darhe'el aliua. Marritza hakuua. Kisu hakikumfikia mwenye kosa. Kilimfikia aliyekuwa karibu na mwenye sura ya adui.

Ushahidi uchunguzwe hata ukionekana umekamilika. Kira alimchukia mfungwa, lakini hakuacha chuki yake imalize kazi ya uchunguzi. Kiongozi anayeletewa mashtaka dhidi ya mtu wa kabila lingine anatakiwa kuuliza: alikuwa wapi siku hiyo? Nani alimwona?

Kunyamaza nako ni mzigo. Marritza hakuwa muuaji, lakini hakujiona safi. Kuna aliyetenda, kuna aliyeamuru, na kuna aliyesikia akaziba masikio. Makosa hayo hayalingani, wala hayapimwi kwa adhabu moja.

Kisasi kinamuua shahidi. Huyu ndiye Mcardassia aliyekuwa tayari kusema hadharani yaliyofanyika Gallitep. Aliyemchoma kisu alidhani anawalipia wafu, kumbe aliwanyang'anya mtu ambaye angewatetea.

Na tuseme wazi: hadithi haisemi kwamba Wabajor wasahau. Hasira ya Kira ilikuwa na sababu, na kambi ilikuwepo. Amani inahitaji ukweli usemwe na wakosaji wahukumiwe, kila mtu kwa lake.

4. MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Kira aliendelea kuchunguza baada ya mfungwa kukiri?
2. Je, Marritza alikuwa na kosa? Lipi? Angefanya nini wakati ule?
3. Aliyechoma kisu naye aliishi chini ya uvamizi. Tungemwambia nini yeye, na jamaa ya aliyeuawa?
4. Wabajor walikitumia upya kituo cha mateso. Je, hapa kwetu kuna mahali pa uchungu panapoweza kuwa soko au shule? Nani aulizwe kwanza?
5. Mtu wa upande mwingine akitaka kusema aliyoyaona, ni nani kati yetu atakayemlinda?

KWA WAONGOZAJI WA VIKUNDI

Simulieni hadithi polepole, kisha acheni watu wakae kimya kidogo. Msimlazimishe mtu kueleza yaliyompata. Anayetaka kusikiliza tu, asikilize. Ikiwa wamama au vijana hawasemi mbele ya wazee, gawanyeni kikundi, halafu kila upande ulete mawazo yake.

Kazi ya wiki hii: kila mmoja ahesabu mara ngapi amesema au kusikia maneno «hao wote wako hivyo» kambini, sokoni, kanisani au msikitini. Katika mkutano ujao tutaulizana: «wote» hao ni akina nani hasa, na ni nani kati yao tunayemjua kwa jina?