Kuorodhesha Marejeleo: Vitabu na Vinywa, kutoka Lodwar hadi Kakuma

Makala hii inadhamiria kubainisha namna ya kupanga marejeleo pale vyanzo vinapokuwa vitabu na watu kwa pamoja. Mtafiti wa fasihi simulizi atokaye Lodwar kuelekea kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, hurejea na vyanzo vya aina zote mbili.

Kwanza, kitabu. Hutangulia jina la ukoo, kisha herufi ya jina la kwanza, mwaka, anwani kwa italiki, mji na mchapishaji. Mfano: Lamphear, J. (1992). *The Scattering Time: Turkana Responses to Colonial Rule*. Oxford: Clarendon Press.

Pili, majina. Si kila jina la mwisho ni la ukoo. Kwa Waethiopia, jina la pili kwa kawaida ni la baba; hivyo mwanahistoria Bahru Zewde huorodheshwa chini ya B, wala si Z.

Tatu, msimulizi. Fanani wa Kiturkana aliyeridhia aandikwe jina, mahali na tarehe ya mahojiano, sawa na mwandishi yeyote. Mkimbizi, hata hivyo, aweza kuhatarishwa na jina lake kuchapishwa. Aulizwe kwanza, akikataa, aandikwe hivi: Msimulizi wa 3, mwanamke, Kakuma, na tarehe. Kumwacha nje kabisa ni kumpora utungo wake. Kumtaja bila ridhaa ni kumsaliti.

Kwa hiyo, kabla ya kuhakiki nukta na mkato, mwanafunzi ahakiki kwanza iwapo kila mwenye neno amepewa haki yake.