Kuchagua Nobu za Simuleta ya Ndege kwa Bajeti ya Boom

Wanachuo wenzangu, mtu akisema anajenga chumba cha rubani getoni, watu humuuliza kwanza kuhusu kompyuta na ukubwa wa skrini. Mimi humuuliza nobu. Nobu ni ile ya kuzungusha kwa vidole, kama ya sauti kwenye redio. Ndege ikishatulia angani, kazi nyingi ya mkono wa rubani iko hapo: kubadilisha masafa, kupanga mwelekeo, kurekebisha altimita, yaani saa inayoonyesha mwinuko.

Kazi hii tunaifanya wawili. Mimi nasoma mambo ya kompyuta hapa UDOM, mwenzangu ana nia ya kwenda urubani akimaliza digrii. Kwa kiwango cha ICAO, leseni ya rubani binafsi inadai saa 40 za kuruka, au 35 kama unasomea kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, na kila saa inalipiwa. Boom halifiki huko hata ukila mara moja kwa siku. Kwa hiyo anachotafuta si mchezo wa kompyuta. Anataka siku akikaa kwenye ndege halisi, asichome dakika za kulipia akitafuta nobu ya redio iko wapi na inazunguka upande gani. Mkono ukizoea vibaya kwenye simuleta, atalipia tena kuuzoesha upya.

Ndege tuliyochagua ni Cessna 172. Ilianza kuruka 1955, zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000, na ndiyo wengi duniani wanaanzia nayo masomo. FlightGear, programu ya bure kabisa, ukiisakinisha tu unaikuta humo.

Sasa, usianze kuchagua kichwa cha nobu kwa kuangalia urembo. Anza na kilicho chini yake. Kuna vitu viwili, na kwa nje vinafanana. Cha kwanza ni potenshiometa, ambayo mafundi redio huiita volyumu. Inazunguka pungufu kidogo ya duara zima kisha inagota. Cha pili ni enkoda, yenyewe haina mwisho. Unazungusha mpaka uchoke, na kila hatua unaisikia kidoleni, "kliki". Volyumu huiambia kompyuta "niko hapa". Enkoda husema tu "nimesogea hatua moja kulia" au "kushoto".

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Mwanga wa taa za dashibodi na sauti ya redio vina mwanzo na mwisho, wekea volyumu. Mwelekeo wa dira hauna mwisho, kwa sababu baada ya nyuzi 359 unarudi sifuri na kuendelea. Ukiweka volyumu pale, itagota, na rubani wako atalazimika kurudi nyuma duara zima ili apate kukata kulia nyuzi kumi. Halafu kuna balaa la pili: ukifungua safari uliyoihifadhi jana, programu inakumbuka nyuzi 090 wakati volyumu imeelekea 240. Ndege inageuka bila kuambiwa! Enkoda haina tatizo hilo, kwa kuwa haidai kuwa mahali popote.

Enkoda za kawaida madukani ni za aina ya EC11, na ile KY-040 ni hiyohiyo iliyopachikwa kwenye kibao kidogo. Nyingi zina kliki 20 kwa mzunguko. Chukua kalamu tupige hesabu. Mwelekeo una nyuzi 360, kwa hiyo kliki moja ikiwa nyuzi moja, duara zima ni mizunguko 18. Inachosha. Dawa yake iko kwenye programu: ukizungusha haraka, kila kliki ihesabiwe kuwa nyuzi tano au kumi. Redio nayo inaanzia megahezi 118 mpaka 136, hizo ni kliki 18 tu, hata mzunguko mmoja haujaisha. Sehemu ndogo, kwa hatua za kilohezi 25, ni hatua 40 ndani ya kila megahezi, yaani mizunguko miwili. Hapo kliki 20 zinatosha kabisa, wala usikubali kuuziwa enkoda ya bei mbaya.

Kwenye ndege, megahezi na kilohezi mara nyingi hukaa kwenye nobu mbili za shina moja, kubwa chini na ndogo juu yake. Enkoda za namna hiyo ni ghali. Wengi hutumia enkoda moja, unaibonyeza ili kuhama kutoka megahezi kwenda kilohezi. Mimi siipendi njia hiyo. Inabidi ukumbuke uliibonyeza mara ngapi, na ukisahau unaangalia chini badala ya kuangalia nje. Bora enkoda mbili za bei rahisi zikae jirani, yenye kichwa kikubwa megahezi, yenye kichwa kidogo kilohezi.

Vichwa vyenyewe vina mambo yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17 za Marekani walikuwa wakishatua, wanataka kukunja vibawa vya breki, wanajikuta wamekunja magurudumu. Ndege inalala tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona kwamba swichi hizo mbili zilikaa pamoja na zilifanana. Akabandika kitu chenye umbo la gurudumu kwenye ya magurudumu, na umbo la kabari kwenye ya vibawa. Mpaka leo maumbo hayo yamo kwenye kanuni za kutengeneza ndege. Kwa hiyo usinunue vichwa kumi vinavyofanana eti kwa sababu vinapendeza. Kwenye Cessna yetu, ya nguvu ya injini ni nyeusi na laini, ya mchanganyiko wa mafuta ni nyekundu yenye meno pembeni, na hizo huvutwa na kusukumwa.

Kabla hujalipa, angalia shina. EC11 nyingi zina shina la milimita 6, lakini baadhi limekatwa ubavu mmoja kama herufi D na mengine yana meno. Kichwa cha D hakikai vizuri kwenye meno. Vichwa vya amplifaya za zamani ni vizuri sana, mafundi redio hapa mjini wanavyo kwenye makopo. Ila vingine ni vya robo inchi, yaani milimita 6.35, na vitacheza. Zungushia shina kipande chembamba cha karatasi, kisha kaza skrubu ya ubavuni.

Halafu vumbi. Wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa vumbi la Septemba. Enkoda za bei rahisi zina vyuma vinavyogusana, vikiingiwa na uchafu zinaruka hatua au kurudi nyuma. Unaweka shinikizo la hewa kwenye altimita ili utue hapa, uwanja ulio juu ya futi 3,600 kutoka usawa wa bahari, na hektopaskali moja ni karibu futi 28. Enkoda ikila hatua tano, hizo ni futi 140. Funika boksi nyuma, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kila waya wa ishara na graundi.

Waya zenyewe ni rahisi. Enkoda moja hula pini mbili, ya tatu ni ya kubonyeza. Arduino Mega ina pini 54, ila kwa FlightGear mimi nilipendelea Pro Micro, kwa sababu kompyuta inaiona kama joistiki na hakuna programu ya kati ya kusumbuana nayo.

Ubao tumetumia plaiwudi ya milimita 3. Ukinunua nene zaidi, shingo ya EC11 ni fupi, nati haitashika. Tundu ni milimita 7. Kabla ya kutoboa, tulichora nobu zote kwenye katoni, mwenzangu akafumba macho nikawa namtajia: masafa, dira, altimita. Alipokosea mara mbili mfululizo tulihamisha altimita sentimita nne kushoto, tukajaribu tena.