Kioo Cheusi Baada ya Kusimika Linux: Okoa Kumbukumbu Kwanza, Kisha Tafuta Kosa

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama alikuwa ametumia kompyuta ya mezani ya kikundi kwa siku nne tu tangu isimikwe mfumo wa Linux wa aina ya Ubuntu. Siku ya kwanza alihamishia humo daftari la marejesho ya mkopo kutoka kwenye flashi, kisha flashi hiyo ikafutwa na kutumika kwa kazi nyingine. Siku ya nne kompyuta iliomba kusasisha programu zake. Katibu akakubali, kompyuta ikajizima na kujiwasha, na tangu hapo kioo kikabaki cheusi. Feni ilivuma na taa ya umeme iliwaka, lakini hapakuonekana kitu.

Fundi wa kwanza alisema kadi ya picha imeungua. Wa pili alitaka kufuta diski yote na kusimika mfumo upya. Kabla kazi hiyo haijaanza, mweka hazina wa kikundi aliuliza swali moja: diski ikifutwa, daftari la marejesho litapatikana wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Kazi ikasimamishwa.

Baadaye ilithibitika kwamba kadi haikuwa imeungua na daftari lilikuwa zima. Makala haya yanaeleza kosa la namna hiyo hutokeaje, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzifuata kwa utaratibu kabla ya kuruhusu diski yake ifutwe.

Kwa nini jambo hili linawahusu wengi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma zake za kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Wenye kompyuta hizo, vikiwemo vikundi, maduka ya uchapaji na wanafunzi, wamekuwa wakihamia Linux, mfumo usiouzwa leseni ambao kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds nchini Finland. Ubuntu ni mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho. Jina lake linatokana na lugha za Kinguni za Kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu "utu".

Uhamaji huo ni wa manufaa, kwani kompyuta iliyokuwa itupwe huendelea kufanya kazi. Hata hivyo, kosa la kioo cheusi ni miongoni mwa makosa yanayowakuta wageni wa Linux mara kwa mara, na asiyelifahamu huingia gharama isiyo ya lazima au hupoteza kumbukumbu.

Safari kutoka swichi hadi kioo

Kuwaka kwa kompyuta kunafanana na mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni programu iliyomo kwenye bodi kuu, inayoitwa BIOS katika kompyuta za zamani na UEFI katika zile za karibuni. Hiyo hukagua vifaa na kuonyesha nembo ya mtengenezaji. Wa pili ni GRUB, programu ndogo inayochagua mfumo wa kuwashwa. Wa tatu ni kiini cha Linux, kinachotambua diski, kibodi, kadi ya picha na vifaa vinginevyo. Wa nne ni huduma za mfumo, ambazo humalizia kwa kuonyesha ukurasa wa kuingizia jina na neno la siri.

Kijiti huanguka zaidi katika hatua ya tatu. Hapo programu inayoendesha kadi ya picha, yaani draiva, hupokea kioo kutoka kwa programu ya bodi kuu na kukipangia vipimo vipya vya picha. Draiva isipoelewana na kadi, kioo huzimika ilhali kompyuta yenyewe inaendelea kufanya kazi. Jambo hili limezoeleka katika kadi za NVIDIA, kwa sababu draiva ya wazi inayokuja na Linux, iitwayo nouveau, iliandikwa na wanajumuiya waliochunguza kadi hizo kutoka nje.

Ukaguzi kabla ya kugusa mfumo

Ukaguzi huu hauhitaji ujuzi wala malipo.

1. Angalia waya wa kioo. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu ya picha sehemu mbili: kwenye bodi kuu na kwenye kadi. Waya ukichomekwa kwenye tundu lisilotumika, kioo hubaki cheusi bila kosa lolote la mfumo. Uhamishe waya, kisha uwashe tena.

2. Kwa kompyuta mpakato, ongeza mwanga kwa vitufe vyake, kisha mulika kioo kwa tochi ukiwa gizani. Picha hafifu ikionekana, kilichozimika ni mwanga wa kioo tu.

3. Tazama nembo ya mtengenezaji wakati wa kuwasha. Nembo ikionekana, kioo na waya ni vizima, na dai kwamba kadi imeungua linahitaji ushahidi zaidi. Isipoonekana nembo wala maandishi yoyote, kosa limetangulia Linux. Hapo kagua waya, kioo chenyewe na kadi za RAM.

4. Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kiini cha mfumo kingali hai.

Katika mkasa uliotajwa, nembo ilionekana na taa ya Caps Lock ilitii. Dalili hizo mbili zilitosha kutilia shaka kauli ya fundi wa kwanza.

Kubisha mlango wa maandishi

Linux ina kurasa za maandishi matupu zisizotegemea ukurasa wa picha. Shikilia Ctrl na Alt kwa pamoja, kisha bonyeza F3. Katika baadhi ya kompyuta mpakato utahitaji kushikilia na kitufe cha Fn. Ukiombwa jina, andika jina ulilojisajilia wakati wa kusimika mfumo, kisha neno la siri. Neno la siri halionekani linapoandikwa, hata kwa nukta. Usidhani kibodi imekufa. Andika hadi mwisho na ubonyeze Enter.

Ukurasa huo ukifunguka, kompyuta ni nzima na kosa limo katika sehemu ya picha. Usipofunguka, nenda hatua inayofuata.

Kuwasha kwa njia ya dharura

Zima kompyuta, iwashe, na nembo inapopotea bonyeza Esc mara moja moja hadi orodha ya GRUB itokee. Kwa kompyuta za zamani zenye BIOS, shikilia Shift badala yake. Ikiwa utafika mahali penye neno grub> peke yake, andika normal, bonyeza Enter, kisha bonyeza Esc mara moja.

Jaribio la kwanza ni kuchagua Advanced options for Ubuntu. Humo huorodheshwa viini vilivyomo kwenye diski. Kama kioo kimekuwa cheusi baada ya kusasisha, chagua kiini cha namba ya chini kuliko cha juu kabisa. Sasisho jipya haliondoi mara moja kiini kilichokuwa kikifanya kazi.

Jaribio la pili, hasa kwa mfumo ambao haujapata kuonyesha picha hata mara moja, ni kuwasha bila draiva ya kadi. Rudi kwenye orodha ya kwanza, simama kwenye mstari wa Ubuntu na ubonyeze herufi e. Katika maandishi yatakayotokea tafuta mstari unaoanza na neno linux. Kuelekea mwisho wake mna maneno quiet splash. Yafute, na mahali pake andika:

nomodeset

Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja. Neno hilo hukiagiza kiini kisibadili mpangilio wa kioo, bali kitumie picha ya kawaida iliyoachwa na programu ya bodi kuu. Kufutwa kwa quiet splash nako kunasaidia, kwa kuwa maandishi ya uwashaji yataonekana, na ule wa mwisho kabla ya kukwama ndio wa kumwonyesha fundi. Badiliko hili ni la mara moja tu. Kompyuta ikizimwa, hurudia hali yake ya awali, hivyo hakuna kinachoharibika kwa kujaribu.

Ni hapa ndipo kompyuta ya akina mama ilipofunguka. Picha zilikuwa kubwa na nzito, lakini daftari la marejesho lilikuwa mahali pake.

Kuokoa kumbukumbu kabla ya kutibu

Kompyuta ikishafunguka, kishawishi ni kuanza matengenezo papo hapo. Hilo ni kosa. Kazi ya kwanza ni kunakili faili muhimu kwenye flashi, kuichomoa kwa utaratibu, na kuhakikisha kwenye kompyuta nyingine kwamba zinafunguka.

Iwapo njia zote zilizotangulia zimeshindikana, tumia ile flashi iliyotumika kusimika mfumo. Washa kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kujaribu Ubuntu bila kuisimika. Kioo kikiwa cheusi hata hapo, chagua mstari wenye maneno safe graphics. Diski ya kompyuta itaonekana miongoni mwa folda, na faili zitanakiliwa kwenye flashi ya pili. Uwe makini usibonyeze kitufe cha kusimika mfumo.

Tiba ya kudumu

Njia ya dharura ni fimbo ya kutembelea mgonjwa. Haitakiwi kuwa mguu wa kudumu. Unganisha intaneti. Ikiwa hakuna Wi-Fi, simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti hutosha. Fungua ukurasa wa amri na uandike, mstari mmoja baada ya mwingine:

sudo apt update
sudo apt upgrade
ubuntu-drivers devices

Amri ya tatu huonyesha draiva zinazoifaa kadi yako. Ikiwa ipo iliyopendekezwa, andika:

sudo ubuntu-drivers install

Baada ya hapo washa kompyuta upya. Kadi nyingine za zamani hazina tena draiva ya mtengenezaji inayokubaliana na viini vipya. Mwenye kadi hiyo anaweza kuendelea na kiini cha zamani kwa muda, kuiondoa kadi na kutumia picha ya bodi kuu ikiwa bodi ina tundu lake, au kuifanya nomodeset iwe ya kudumu katika faili /etc/default/grub na kuhitimisha kwa amri sudo update-grub. Kazi za barua na mahesabu zitafanyika vizuri. Video zitakuwa nzito.

Sababu nyingine tatu

Umeme kukatika wakati wa kusasisha. Programu zilizoachwa nusu zinaweza kuzuia ukurasa wa picha. Kwenye ukurasa wa maandishi andika sudo dpkg --configure -a na usubiri imalize. Ni vyema kompyuta ya mezani isisasishwe bila UPS katika maeneo yenye kukatikakatika kwa umeme.

Diski kujaa. Mfumo usio na nafasi ya kuandika unaweza kushindwa kufungua ukurasa wa picha. Amri df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Amri sudo apt clean huondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa.

Ulinzi wa Secure Boot. Draiva ya NVIDIA inaposimikwa katika kompyuta yenye ulinzi huu, mfumo huomba utunge neno la siri, na kompyuta inapowashwa upya hutokea ukurasa wa bluu. Wengi huupita bila kuusoma, na draiva hukataliwa. Ukiuona, chagua Enroll MOK, endelea, na uandike neno lile ulilotunga.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mafundi wazuri wapo katika kata zetu, na si kila mwananchi atapenda kufanya hatua hizi mwenyewe. Hata hivyo, mwenye kompyuta ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa. Je, nembo inaonekana na Caps Lock inatii? Je, nomodeset na kiini cha zamani vimejaribiwa? Je, faili zangu zimeshanakiliwa na nimeziona kwa macho yangu? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, diski isifutwe.

Watumishi wanaotumia kompyuta za Serikali katika ofisi za kata, shule na zahanati hawapaswi kufungua vifaa hivyo wala kubadili mfumo wenyewe. Watoe taarifa kwa Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kupitia kwa mkuu wa ofisi yao.

Katibu wa kikundi kile sasa hutunza daftari la marejesho mahali pawili: kwenye kompyuta, na kwenye flashi anayoihifadhi mweka hazina. Kila mwisho wa mkutano hulinakili upya. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo ingeweza kufanyika siku ile ya kwanza.