BAJETI YA NYUMBANI: MAFUNZO KUTOKA SURATU YUSUF

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi, kila mwaka tunajua kuwa Ramadhani itakuja na baada yake Idd. Hata hivyo, majumbani mwetu hufika kama mgeni asiyetarajiwa. Tunakimbilia kukopa. Sisi waalimu pia hatujasalimika. Mmoja wetu aliwahi kukopa nguo za watoto kwa Idd ya Mfungo Mosi, na Idd ya Mfungo Tatu ikamkuta bado analipa.

Tumuangalie Nabii Yusuf (A.S.). Katika Suratu Yusuf, aya ya 47 hadi 49, aliifasiri ndoto ya mfalme wa Misri: miaka saba ya neema, kisha saba ya shida. Hakuishia kwenye tafsiri. Aliwaelekeza walime, mavuno wayaache katika mashuke yake, na wale kidogo tu. Na hata katika miaka ya shida, kidogo kibakizwe. Hapa tunapata mafunzo mawili: akiba huwekwa wakati wa neema, na hata wakati wa dhiki tusile tukamaliza.

Bajeti ni nini? Ni kuyaandika mapato na matumizi kabla fedha haijatoka mkononi. Tuchukue mfano wa familia ya watu 6. Baba hupata shilingi 300,000 kwa mwezi, na mama kwa vitumbua vyake hupata faida ya shilingi 100,000. Jumla ni 400,000. Wamepanga hivi:

Chakula – 180,000
Kodi ya nyumba – 60,000
Nauli – 40,000
Umeme na maji – 25,000
Ada za shule na madrasa – 25,000
Kulipa deni la duka – 25,000
Matibabu na dharura – 20,000
Akiba ya Ramadhani na Idd – 20,000
Sadaka – 5,000
Jumla – 400,000

Tazameni ile akiba. Kutoka Idd mpaka Ramadhani nyingine ni miezi 11 ya kiislamu. Ikiwekwa kila mwezi, itafika shilingi 220,000. Haba na haba hujaza kibaba. Kwanza itoke Zakatul Fitri, takriban kilo mbili na nusu za mchele kwa kila mtu, yaani kilo 15 kwa familia hii, nayo itolewe kabla ya swala ya Idd. Nguo mpya zifuate baadaye.

Vile vile deni tusilifiche. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul Baqarah aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe. Basi daftari la duka lisibaki kwa mwenye duka peke yake. Na sisi tuwe na letu.

Huenda mtu akasema, "Kipato changu ni kidogo, nipange nini?" Tunamjibu kuwa mwenye kidogo ndiye mwenye haja zaidi ya kupanga, kwani kosa lake moja humlaza na njaa. Wala kupanga si ubakhili. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila ya israfu wala uchoyo, wakawa kati na kati.

Na nyinyi wanafunzi mna sehemu yenu. Mkiambiwa "mwaka huu nguo ni moja", msinune. Zimeni taa zisizotumika, tunzeni madaftari na viatu. Huko nako ni kuwatendea wema wazazi.

ZOEZI
1. Taja mafunzo mawili ya akiba kutoka Suratu Yusuf.
2. Mama akiumwa na kukosa faida yake mwezi mmoja, familia hii ipunguze wapi? Kipi kisiguswe?
3. Kaa na mzazi wako, muandike bajeti ya mwezi ujao.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu na atuepushe na uzito wa madeni. Amin.

Wabillahi Tawfiq.